Visu vya Katoni Moja

Nimeuza visu vya kukunja Msambweni tangu bendera ilipobadilishwa mpaka macho yangu yalipokataa kuyaona makali, na katika muda wote huo sikumbuki kumuuzia mtu kisu. Watu walikuwa wakinunua jina. Kisu walikichukua kwa sababu jina lilikuwa limechapwa juu yake na halikuweza kubanduka.

Ninayasema haya kwa sababu ninyi vijana mmeanza kunichosha. Juzi nilikuwa Kona ya Musa, nimekaa kwenye duka la rafiki yangu nikingoja kupimiwa mchele, wakaingia vijana wawili wakibishana juu ya viatu. Mmoja akanigeukia, "Buda, si hizi ni orijino?"

"Mwanangu," nikamwambia, "kwanza shikamoo."

Akaniamkia, maskini, si mtoto mbaya. Nikavipokea viatu vyake na vya mwenzake, nikavigeuza. Gundi ileile, uzi uleule, soli ileile. Kilichotofautiana ni yule mnyama aliyeshonwa ubavuni. Nikavirudisha nikanyamaza, kwa kuwa nilikwisha kuisema kweli mara moja katika biashara yangu, na nusura imnyang'anye dada yangu mume kabla hajampata. Kaeni niwahadithie. Mwenye haraka na aende, viatu vyake si ndivyo vilivyoandikwa kuwa ni vya kukimbilia?

Kazi nilifundishwa na Bwana Awadhi, Mwarabu wa Kishihiri aliyekuwa na duka Msambweni la kila kitu: sukari, kamba, ndoano, leso, mafuta ya taa, na dawa ya kikohozi iliyotibu pia mgongo. Visu vilikaa ndani ya sanduku la kioo juu ya meza, na sanduku hilo akanipa mimi. Alisema nina uso wa mtu asiyeweza kudanganya, na uso kama huo ni mtaji, nisiuchezee.

Siku ya kwanza aliyonichukua Mombasa kuleta mzigo, muuza jumla alitufungulia katoni moja. Ndani yake visu vilipangwa kwa matabaka, na kila tabaka limetengwa kwa karatasi. La juu lilikuwa chapa Nanga. Chini yake chapa Ndovu, kisha Nyota, na mwisho kabisa chapa Taji. Mpini ni uleule wa rangi ya kahawia unaojisingizia mfupa. Springi ileile, misumari ileile, na hata lile kovu dogo la kiwandani pale bapa linapoingia kwenye mpini lilikuwa pahala palepale.

Nikamnong'oneza, "Bwana, mbona hivi ni kitu kimoja?"

Bwana Awadhi akanitazama kwa huruma. "Bakari, wewe mama yako anakuitaje?"

"Baka."

"Na marafiki zako?"

"Mrefu."

"Na jina ninalokuita mimi ukichelewa kazini, sitalitaja hapa mbele ya watu. Una majina mangapi, nawe ni mtu mmoja? Kiache kisu nacho kijichagulie."

Ndiyo shule niliyosoma mimi, na niliifaulu.

Mengine aliyonifundisha yalikuwa ya haki, nami nawapeni bure. Ukitaka kukijua kisu cha kukunja, kikunjue polepole karibu na sikio. Springi nzuri husema mara moja ikanyamaza. Ikikwaruza kabla ya kusema, ina mchanga au ina uzee. Kikunje tena ukielekeze kwenye mwanga, na ukiona bapa limelalia upande mmoja, mrudishie mwenyewe kwa adabu. Mchanga wa pwani ukiingia kwenye kiungo usikivute kwa nguvu, utaling'oa bapa ubaki na mpini mkononi. Kiloweke kwenye mafuta ya taa mpaka mchanga ushuke wenyewe. Kinoo kipake mafuta ya nazi, na usinoe ukiwa umekasirika, kwa kuwa mkono wenye hasira hukandamiza, na makali hayatoki kwa kukandamizwa.

Na jambo moja alilishika kuliko sala za sunna: kisu hakitolewi mkono kwa mkono. Kwetu ukimpa mtu kisu mkononi mnagombana. Unakiweka chini, mwenzako anakiokota mwenyewe, na kama ni kugombana atagombana na ardhi. Kwa sababu hiyo dada yangu Mwanasiti alinisukia kijikeka cha ukindu, kiasi cha kiganja cha mtu mzima, kikakaa juu ya meza ya duka. Kila kisu nilichouza kilipita juu ya kijikeka kile. Sikugombana na mteja hata mmoja kwa miaka mingi, ila jamaa zangu mwenyewe.

Katika miaka ile ya mwanzo ya uhuru, chapa Taji ililala dukani. Ni nani angemenya muwa kwa taji la Malkia wakati shingo yake bado ina maumivu ya kuitazama bendera mpya? Mzigo uliofuata, taji halimo. Badala yake kuna mwenge, na chini ya mwenge limeandikwa neno UHURU. Karani wa chifu alinunua cha kwanza, akakikunjua mbele ya watu na kusema, "Mnaona? Hata chuma chenyewe kimebadilika." Cha zamani, cha taji, alikitoa mfukoni akakiacha juu ya kijikeka changu kama mtu anayevua kanzu yenye viroboto. Alipoondoka nilivilaza pamoja na kipya kingine. Kovu la kiwandani liko palepale. Nikakinoa kile cha taji, nikamuuzia mzee mmoja aliyekuwa mpishi wa Wazungu na aliyeona kuwa tangu waondoke hata chumvi imepungua ladha. Alinishukuru sana, akasema visu vya siku hizi havina maana.

Sasa wateja wangu wakubwa walikuwa wa namna mbili. Watu wa Funzi, walioingia Msambweni na samaki wao, hawakugusa ila Nanga. Kiongozi wao katika imani hiyo alikuwa Mjomba Hamadi, kaka wa mama yangu. Alisema Nanga haishiki kutu kwa sababu mwenye kiwanda ni mtu wa bahari. Ni kweli, kisu chake hakikuwa na kutu. Lakini Mjomba alikuwa akipaka vyombo sifa, yale mafuta ya papa, na mikono yake, mfuko wake na kisu chake vyote vilinuka sifa mpaka nzi walimpisha njia. Kutu nayo, nadhani, ina pua.

Watu wa Kikoneni, wakulima, wao walikuwa na Ndovu. Ndovu wenyewe, wale wenye miguu, walishuka kuwalia mahindi, na wakulima walikesha wakipiga mabati wakilaani ukoo mzima wa mnyama huyo. Asubuhi walikuja kwangu kununua picha yake. Mkubwa wao alikuwa Mzee Rashidi, mwenye michungwa, mtu mnene wa sauti nyembamba. Yeye alisema Ndovu haivunjiki. Kisu chake hakikuvunjika, huo ni ushahidi wa macho yangu, kwa kuwa kazi zote ngumu alizifanya kwa panga, na Ndovu yake aliitoa mfukoni kumenya chungwa baada ya kula. Hata mimi ninawajua watu ambao hawakuvunjika kwa njia hiyohiyo.

Ukimpa mtu wa Funzi kisu chapa Ndovu, atakuuliza kama umegombana naye. Ukimpa wa Kikoneni Nanga, atakipima mkononi, atakunja uso na kusema, "Chepesi." Kilikuwa na uzito uleule mpaka punje ya mwisho. Nilijaribu mara mbili tatu kuwaeleza, Bwana Awadhi akanikanyaga mguu chini ya meza. "Usimvunjie mtu nyumba yake kumwonyesha kuwa ni ya udongo," aliniambia. "Anajua, tena ndani yake amelala vizuri."

Mahoteli yalipoanza kuota Diani, katoni ikapata tabaka jipya: kisu chekundu chenye uma, kijiko, na chuma kilichojisokota kama mkia wa kinyonga. Mimi nilijua kile chuma ni cha kung'olea vizibo vya chupa za mvinyo. Wateja wangu, watu wa swala tano, wakaniuliza ni cha nini. Kabla sijajibu, mama mmoja wa Gazi akakishika na kusema, "Hiki si cha kutobolea jicho la dafu?" Nikamwambia macho yake ni mazuri. Vikaisha vyote. Mwadhini alikuwa nacho, akikisifu kwamba aliyekibuni lazima alikuwa mtu mcha Mungu wa nchi yenye minazi.

Katika mzigo mmoja kilikuja kisu ambacho hakikuwa na chapa. Huko kiwandani labda mashine ilipiga chafya, sijui. Bapa lilikuwa tupu, safi, limenyooka, na springi yake ilikuwa bora kuliko zote katika katoni ile. Hakuna aliyekitaka. Nilikiweka mbele, nikakiweka nyuma, nikakipunguzia bei. Mmoja akasema kimeibwa. Mwingine akasema kisu kisicho na jina hakina baba, na yeye hawezi kuingiza nyumbani kwake kitu cha namna hiyo. Bwana Awadhi alichoka kukitazama akanipa nikitupe. Nikampelekea Mwanasiti, akawa anachania ukindu wa mikeka yake. Yeye hakukiuliza kitu. Alikinoa kila alipoanza kazi, na kikawa kikali kiasi cha kuogopesha.

Tulikuwa tumefiwa na baba. Nyumbani tulikuwa watatu, mama, Mwanasiti na mimi, na nyumba yetu ilikuwa nyuma ya duka. Mwanasiti alisuka ukumbini, mlango wazi, akionekana kutoka kwenye meza yangu. Basi akatokea kijana wa Kikoneni, Salim, mtoto wa Mzee Rashidi mwenyewe, akaanza kununua visu. Alinunua Ndovu. Baada ya siku chache akarudi kununua Ndovu nyingine. Akaja tena akasema zile amezipoteza. Kila mara alikikunjua kisu polepole, akakielekeza kwenye mwanga, na mwanga huo ajabu yake ulikuwa daima upande wa ukumbi wetu. Mtu wa visu vingi namna hiyo ama ni mchinjaji ama ni mchumba. Nikamwuliza Mwanasiti, akainamisha uso kwenye ukili aliokuwa akiusuka akasema, "Mwambie asinunue tena, kaka. Atafilisika kabla hajaposa."

Alimpenda. Nalisema wazi kwa kuwa wakati ule halikusemwa wazi. Alikuwa msichana wa maneno machache, na tangu baba afe alikuwa amepunguza hata hayo machache. Salim alipokuwa akija, nilimsikia akiimba ndani. Kwa ajili ya ile sauti yake ningemwoza hata kwa mtu asiyekuwa na kisu.

Posa ikaja, ikajibiwa, na siku ya ndoa ikafika. Mimi ndiye niliyekuwa walii, kwa sheria. Lakini kwa Wadigo na jirani zao mjomba ana neno lake, na Mjomba Hamadi alikuwa na maneno ya kuwatosha wajomba wa kijiji kizima. Alivuka kutoka Funzi na jamaa zake, wote wamevaa kanzu, wote wananuka sifa kidogo. Mzee Rashidi naye akaja na watu wa Kikoneni na beberu mkubwa mweupe wa kuchinjwa kwa karamu. Ilikubaliwa kwamba mbuzi ataletwa na upande wa mume na atachinjwa kwenye uwanja wetu, kisha watu wakae ndipo ndoa isomwe. Mwalimu wa chuo cha Kurani ndiye angechinja. Hakuja na kisu kwa kuwa aliambiwa kisu kipo. Aliambiwa hivyo na pande zote mbili.

Mwalimu alipokunja mikono ya kanzu, Mzee Rashidi akaingiza mkono mfukoni, akatoa Ndovu, akaiweka kwenye mkeka. Wakati huohuo Mjomba Hamadi akaweka Nanga.

Beberu ndiye peke yake aliyesema kitu.

"Mbuzi ametoka kwetu," akasema Mzee Rashidi kwa ile sauti yake nyembamba. "Kisu kitatoka kwetu."

"Uwanja ni wetu, mkwe wangu," akasema Mjomba. "Mgeni haji na kisu chake. Tena kisu cha kumenyea machungwa."

"Hicho chako kinanuka. Nyama itanuka papa."

"Nanga hii imechinja kasa mzima."

"Mwalimu," akasema Mzee Rashidi, "umesikia mwenyewe. Kisu cha kasa hicho."

Mwalimu, Mungu amrehemu, alijaribu. Alisema sharti ni kisu kiwe kikali, mnyama aelekezwe kibla, jina la Mwenyezi Mungu litajwe, na kisu kisinolewe mbele ya macho ya mnyama. "Jina la chapa," akasema, "sijaliona katika kitabu chochote." Wote wawili wakamjibu kwa heshima kubwa kwamba mwalimu amesema kweli, na kwamba hakuna atakayeondoa kisu chake. Unajua ugomvi umekomaa watu wanapoanza kukubaliana na mwalimu.

Mwishowe Mzee Rashidi akasimama. Alikuwa ametota jasho, na niliona ameumia kweli. "Kama mbuzi wetu hafai kisu chetu," akasema, "basi labda na kijana wetu hafai binti yenu."

"Njia ya Kikoneni mwaijua," akasema Mjomba. "Hatukuifunga."

Mtu mmoja wa Kikoneni akaanza kufungua kamba ya beberu. Nikamtazama Salim, amekaa kwenye kiti chake na kofia yake mpya, uso umekuwa kama jivu. Kijana amenunua visu vya kutosha jeshi, na anakosa mke kwa ajili ya kisu.

Hapo Mjomba akanigeukia. "Bakari, wewe ndiye muuzaji. Umetuuzia sote wawili. Sema haki mbele ya watu, kipi bora?"

Sikilizeni kwa makini sasa, ninyi mnaopenda kusema kweli mkiwa mnachemka. Ningesema Nanga, dada yangu angerudi kwenye ukili wake na kile kimya chake. Ningesema Ndovu, mjomba wangu angeondoka na watu wake, na mama angebaki bila kaka. Bwana Awadhi alikuwa ameketi karibu yangu na mguu wake ulikuwa ukiutafuta wangu. Lakini palikuwa na mkeka, si meza, akaukosa. Nikasema, "Vyote ni kimoja. Vinatoka kwenye katoni moja, kiwanda kimoja, springi moja. Tazameni kovu lile pale."

Nilidhani watacheka. Mjomba Hamadi akaniangalia kama mtu aliyeuziwa maji ya bahari kwenye chupa ya marashi. "Kumbe miaka yote hii, mtoto wa dada yangu, umekuwa ukiniuzia kisu cha Kikoneni?"

"Na mimi," akasema Mzee Rashidi, "nimekuwa nikimenyea machungwa yangu kisu cha wavuvi?"

Kweli yangu ilifanya kazi hiyo moja tu: iliwapatanisha wawili wale kwa muda wa kunisuta. Walikubaliana kuwa sina heshima, kwamba baba yangu angekuwa hai ningejua kunyamaza, na kwamba muuzaji akianza kusema hivyo ni dalili kuwa mali yake ni mbovu. Walipomaliza na mimi wakarudi kwao. Kamba ya beberu ilikuwa imekwisha kufunguliwa.

Ndipo mama akatoka ndani. Alikuwa amejifunika leso, ameshika ungo, na juu ya ungo kuna kisu kimoja cha kukunja, kimekunjuliwa. Wanaume wakapisha, kwa kuwa mwanamke kuja uwanjani wakati ule halikuwa jambo la kawaida. Hakumsalimu mtu. Akauinamisha ungo, kisu kikashuka juu ya mkeka katikati ya vile viwili, bila kumpa mtu mkononi.

"Bwana arusi wenu na bibi arusi wetu wana njaa," akasema. "Na mwenye kisu hiki ameniambia nilete maneno haya kama yalivyo. Anasema mbuzi hajui kusoma."

Kisha akamgeukia kaka yake, akamwambia kwa sauti ya chini, lakini sote tulisikia, "Hamadi. Baba yao hayupo. Usinifanye nimlilie leo."

Mjomba akatazama chini.

Mwalimu akaokota kile kisu. Akakigeuza upande huu, akakigeuza upande ule, akitafuta jina. Halikuwamo. Akakipitisha kwenye ukucha wa kidole gumba, akainua nyusi. Hakungoja mtu aseme. Akaelekeza beberu kibla, akasema Bismillahi Allahu Akbar, na mara moja tu. Sijaona uchinjaji safi kama ule. Watu wa pande zote mbili wakasema Allahu Akbar, na katika kusema huko nadhani kila mmoja alipata nafasi ya kuketi tena bila kuonekana kuwa ameshindwa. Salim akavua kofia akajipangusa uso. Ndoa ikasomwa, mimi nikitaja jina la dada yangu, na pilau ililiwa mpaka ukoko.

Sasa mngedhani kisa kimekwisha na watu wamepata akili. Mnanifurahisha.

Siku chache baadaye wateja walianza kuja dukani wakiuliza kisu kile cha harusi. "Kile kisicho na jina," wakasema. "Umetuficha. Kumbe visu vizuri vyote unawapa jamaa zako." Nikawaambia kilikuwa kimoja tu, na wao wenyewe ndio waliokikataa hapahapa. Wakaniambia hawakukikataa, walikuwa wakifikiri. Kisha mtu mmoja mwerevu akaja na Nyota yake na kusema, "Bakari, huna tupa? Nifutie hili jina." Nikamfutia. Akaondoka akitembea kifua mbele. Kufika mwisho wa mwezi kazi yangu kubwa ilikuwa kusugua majina yaliyowafanya watu wanunue, na duka zima linanuka chuma kilichosuguliwa. Bwana Awadhi alikaa kwenye kiti chake akitikisa kichwa kwa furaha. "Nimeuza jina," alisema, "sasa ninauza kutokuwa na jina. Mungu ni mkubwa."

Mchana mmoja wa jua kali, wakati hakuna mtu njiani, akaingia Mjomba Hamadi. Akatazama nyuma yake, akaweka Nanga yake kwenye kijikeka. "Hii nakshi," akasema, "imeanza kunichubua kidole." Nikamwambia nitaisugua, aje kesho. Haikupita saa moja, akaingia Mzee Rashidi kwa mlango wa nyuma, kupitia kwa mama, na Ndovu yake. Yeye alisema chapa inashika maji ya chungwa na kuozesha.

Nikazisugua zote mbili, nikaziweka kwenye bati la mafuta ya taa zitoe vumbi la tupa, nikaenda msikitini. Niliporudi nilikuta Bwana Awadhi amelimimina lile bati, kwa kuwa alilitaka kumpimia mteja. Visu viwili vilikuwa vimelala kwenye kijikeka, ubavu kwa ubavu, vimekauka. Hakuna nanga, hakuna ndovu. Nikavinusa. Mafuta ya taa matupu. Nikavikunjua karibu na sikio, vikasema neno lilelile. Kovu kwa kovu, palepale.

Nikampa Mjomba kimoja na Mzee Rashidi kimoja, na mpaka leo sijui nani alichukua cha nani. Mjomba alinijia baada ya wiki kuniambia kisu chake sasa kimekuwa kipya, tena hakina uzito wa kijinga kama vile vya Kikoneni. Mzee Rashidi alituma salamu kwamba chake kinamenya chungwa bila kulitoa maji, jambo ambalo Nanga isingeliweza abadan.

Mwanasiti alipojifungua mtoto wa kwanza, wa kiume, tulikwenda Kikoneni kwa akika yake, ile karamu ya kumchinjia mtoto mbuzi. Wazee wawili walikaa mkeka mmoja, wakamenyeana machungwa. Mjomba alikuwa amemletea mkwe wake chupa ya sifa kwa ajili ya kutu, na Mzee Rashidi aliipokea kwa mikono miwili akaiweka mbali kidogo. Mbuzi akaletwa. Mwalimu akakunja mikono ya kanzu, akanitazama mimi, nami nikatazama mawinguni.

Mjomba akatoa kisu chake akakiweka chini. Mzee Rashidi akatoa chake akakiweka ubavuni mwa kile.

"Tumia chake, mwalimu," akasema Mjomba Hamadi. "Ni kizuri."

"Hapana, chake," akasema Mzee Rashidi. "Mimi ninakijua kile. Kikali."

Mwanasiti alikuwa amesimama mlangoni na mtoto begani. Nilimwona akiuma pindo la leso yake asicheke mbele ya wakwe, machozi yanamtoka. Mwalimu akainama akaokota kimoja, sijui cha nani. Na mbuzi hakuuliza.